Wagombea 16, viti 3, viduara kibao: karatasi ya kura ya Portland imenishinda

Nyarugusu_boy (20 Okt 2024)

Wakuu habari za jumapili, naombeni msaada kabla sijaharibu kitu. Mimi nimekula kiapo cha uraia mwezi wa tatu mwaka huu, kwahiyo hii ndo kura yangu ya kwanza tangu nizaliwe, maana nimekulia kambini na kule tulikuwa tunachagua viongozi wa zoni tu basi. Bahasha imekuja kwa posta alhamisi nimeiweka juu ya meza ya kula mpaka leo naizunguka tu kama ugali wa moto.

Upande wa rais hamna shida, unapaka kiduara kimoja umemaliza. Shida ni huku kwenye mambo ya jiji. Meya wako watu 19. Madiwani wa kwetu (naishi mashariki, karibu na 122 na Division, wameandika ni distriki 1) wako 16. Alafu mbele ya kila jina kuna viduara sita vimepangwa mstari, juu wameandika chaguo la 1, la 2, hivo hivo hadi la 6. Na viti wanasema ni vitatu. Watu 16, viti vitatu, machaguo sita, hesabu ya wapi hii jamani?

Swali langu ni hivi, kama kuna mmoja nampenda nikampaka viduara vyote sita si ndo nimempa kura sita? Na nikiwajaza wengine chini yake sintakuwa nampunguzia nguvu? Afu nani aliamua tupige hivi, maana jamaa wa kazini kazaliwa hapahapa Oregon nae kasema ndo mara ya kwanza kuona kitu kama hii. Mama yangu nae kapata bahasha yake, kingereza hasomi, kaniambia "wewe nijazie tu unipe niende kulala". Inaruhusiwa?

Kuna mtu kanisani kasema ukikosea kidogo tu kura yote inatupwa. Hata kalamu naogopa kushika.

---

Wanjiru_PDX

Pole ndugu yangu, na hongera kwa kura ya kwanza. Wacha hesabu waje wenye hesabu, mimi nianze na yale yanaweza kukuletea shida.

Mama: unaweza kumsomea majina na kupaka vile yeye anakuambia, hiyo ni kumsaidia. Lakini uamuzi ni wake na sahihi kwenye bahasha ni yake, usimwekee wewe hata kama mkono unamtetemeka. Wanalinganisha ile sahihi na iliyo kwenye rekodi. Isipofanana wanaandika barua mnaenda kurekebisha, si mwisho wa dunia, lakini ukisaini kwa niaba yake hiyo ni kosa la sheria kabisa. Kama hawezi kusaini piga simu ofisi ya uchaguzi ya kaunti, wako na utaratibu. Na stempu usinunue, imelipwa. Ukipeleka mwenyewe kwa yale masanduku ya nje (library nyingi ziko nayo) ni mpaka saa mbili usiku tarehe 5 Novemba.

Sasa hii ni ya wengine wanaosoma: kama bado uko na grini kadi na bahasha imekuja, USIPIGE. Mwezi jana DMV (ofisi ya leseni za udereva) wenyewe walikubali kwamba watu ambao hawakuonyesha karatasi za uraia waliingizwa kwa daftari kimakosa wakati wa kuchukua leseni, zaidi ya elfu moja. Bahasha kukufikia nyumbani si ruhusa. Ukipiga na wewe si raia utakuja kuulizwa siku ya interviu ya uraia na hapo hakuna mtu atakuskiza ati "lakini walinitumia". Nimeona familia ikilia kwa jambo dogo kuliko hilo.

---

hesabu_ni_hesabu

Nyarugusu_boy tulia mdogo wangu, ni rahisi kuliko inavyoonekana.

Anza na meya. Unajua Kenya asipopatikana mwenye nusu na kidogo kwenye urais wanarudi raundi ya pili? Hapa ni raundi ya pili, ya tatu, ya nne, ila hurudi kwenye foleni, karatasi yako ndo inarudi kwa niaba yako. Wanahesabu chaguo la 1 za watu wote. Hakuna aliyevuka nusu? Wa mwisho kabisa anatolewa, waliompigia yeye kura zao zinahamia chaguo lao la 2. Wanahesabu tena, wanatoa mwingine, mpaka mtu avuke nusu ya kura zilizobaki mezani.

Sasa kumpaka mtu mmoja viduara vyote sita: unapata kura moja ile ile. Akitolewa mashine inaangalia chaguo lako la 2, inakuta jina la mtu ambaye ameshatoka, la 3 hivo hivo, inafika mwisho, karatasi yako inawekwa pembeni. Umejinyima mwenyewe.

Na hapana, wa chini hawampunguzii wa juu. Chaguo la 2 halisomwi kabisa wakati la 1 bado anapambana. Hii watu wengi hawaielewi wanabaki kujaza mmoja kwa uchungu.

Madiwani ndo kuna utamu. Viti vitatu, kwahiyo mstari wa kuingia ni robo ya kura na moja juu. Kwanini robo? Kwa sababu wanaoweza kupita robo hawawezi kuwa zaidi ya watatu, wanne hawatoshei. Tufanye mfano wamepiga watu 400 tu. Robo ni 100, mstari ni 101. Mama Asha kapata 150. Kaingia, ila ana ziada ya 49 ambazo hazihitaji. Zisipotee, zinarudishwa kama chenji. Wote 150 waliompigia wanarudishiwa kipande sawa, kama senti 33 katika kila dola, na kile kipande kinaenda kwa chaguo lao la 2. Ndo maana kwenye matokeo utaona kura zina nukta nukta, usidhani wameiba. Baada ya chenji wanaanza kutoa wa mwisho mmoja mmoja kama kwa meya, mpaka viti vijae.

Kwa hiyo makosa ya kweli ni kupaka watu wawili kwenye safu moja, yani wawili wote chaguo la 1, hapo mashine haijui imchukue nani. Ukiruka safu inasogea kwa anaefata. Sio lazima ujaze sita, ukiwa na wanne unaowajua weka wanne. Huyo wa kanisani kazidisha chumvi.

Kitu kingine, hapa kwenye jiji hakuna chama. Hutaona Demokrati wala Ripablikani pembeni ya jina. Soma kile kitabu cha wagombea kinachokuja kwa posta kabla ya bahasha, ambacho najua umekitupa pamoja na matangazo ya pizza.

---

Wanjiru_PDX

hesabu_ni_hesabu hiyo robo imenichekesha, sisi Wakenya tukisikia 25% tunafikiria ile ya urais, 25% kwa kaunti 24 😂

---

MzeeWa82

Vijana, huyu kauliza nani aliamua na hakuna aliyemjibu. Mimi niko Portland tangu miaka ya tisini, nimeona yote.

Mliamua nyinyi, yani wapiga kura, Novemba 2022. Ilikuwa ni hoja namba 26-228, ikapita kwa kama asilimia 58. Katiba ya jiji inasema angalau kila miaka kumi wakae raia 20 waipitie upya. Hao 20 wakiwa 15 au zaidi wamekubaliana jambo linakwenda moja kwa moja kwa wananchi, baraza haliligusi. Walikubaliana 17. Na hapo ndipo uhondo ulipo kwa sababu madiwani waliokuwa madarakani wangeachiwa wao wenyewe wasingeyagusa, nani anakata tawi alilokalia?

Kabla ya hapo tulikuwa na mfumo wa ajabu tangu 1913. Watu watano tu, meya na makamishna wanne, wote wanachaguliwa na jiji zima. Na kila kamishna ndiye bosi wa idara. Huyu zimamoto, huyu maji, huyu barabara, huyu bustani. Nani anapata idara gani? Meya anagawa, na akiamka vibaya ananyang'anya, kama baba anayegawia watoto mashamba kisha anabadili wosia kila pasaka. Mtu unaweza kuwa umempigia kura kwa ajili ya mambo ya nyumba anapewa idara ya maji. Mfumo huo ulizaliwa Galveston kule Texas baada ya kimbunga cha mwaka 1900 kuua maelfu ya watu, mji umelala chini wakataka watu wachache wenye amri ya haraka. Miji mingi ikaiga, kisha mmoja mmoja ikaachana nao, sisi tukabaki mji mkubwa wa mwisho. Hata 2007 tuliulizwa tubadili tukakataa.

Sasa weka hilo pamoja na kuchaguliwa na jiji zima. Jiji la watu zaidi ya laki sita, kuzunguka lote ni pesa. Nani ana pesa? Sio wa huku kwetu mashariki ya barabara ya 82. Huku sehemu kubwa tuliingizwa ndani ya mipaka ya jiji miaka ya themanini na tisini, tukaja na barabara zetu za changarawe na sehemu nyingi hazina njia ya miguu mpaka leo. Wapangaji, wakimbizi, Wavietnamu, Wasomali, Warusi, Wakongo, wamejaa huku. Viti vitano vile vilikuwa karibu vyote vya watu wa ng'ambo ile ya mji. Mtu anaamua habari za kituo cha basi ambacho hajawahi kusimama hapo mvua ikinyesha.

Sasa wameligawa jiji distriki nne, kila moja watu watatu, jumla 12. Madiwani watunge sheria na kupitisha bajeti, idara zote chini ya meneja mmoja. Mtanzania mwenzangu atanielewa nikisema wameleta MKURUGENZI. Tofauti ni kwamba kule kwetu anateuliwa na rais, hapa meya anapendekeza jina na baraza linapitisha. Na meya hapigi tena kura kwenye baraza isipokuwa wakifungana.

---

Sikubali

Mzee nakuheshimu lakini umeuza upande mmoja. Mimi 2022 nilipiga HAPANA na leo ningepiga hapana tena.

Kwanza walibeba mambo matatu wakayatia kwenye swali moja. Kuongeza viti na kugawa distriki, namna ya kuhesabu kura, na kuleta huyo mkurugenzi. Ukipenda moja unameza yote. Watu walienda mpaka mahakamani kulalamikia hilo, jaji akasema iende ilivyo. Mimi mkurugenzi nilimtaka, hata distriki nilizitaka, ila ningependa distriki moja diwani mmoja, nimjue, nimshike shati. Watatu kwa pamoja kila mmoja atasema "ongea na mwenzangu".

Pili robo ya kura ni ndogo sana kumpa mtu kiti. Tatu 12 ni namba ya kugawanyika sawasawa, sita kwa sita, ngojeni muone. Na meya hana veto, yani hawezi kuzuia sheria ya baraza. Na gharama, kila mmoja mshahara zaidi ya dola 130,000 na ofisi na wasaidizi wake, mara 12.

Na la nne ndo kubwa kwangu. Mnasema imeletwa kwa ajili ya watu wetu. Angalieni hii post yenyewe, kijana ana akili zake, karatasi imekaa mezani siku tatu. Je yule asiye na mtu wa kumuuliza? Ataacha wazi. Mtakuja kuniambia distriki gani itaacha wazi kuliko zote.

Pengine nisingekuwa na ubishi kama kungekuwa na mji mwingine Marekani unafanya hivi tukajifunza.

---

hesabu_ni_hesabu

Sikubali, upo. Cambridge, Massachusetts, wanachagua baraza lao la watu tisa kwa hii hesabu ya chenji tangu 1941, na walikuwa wanahesabu kwa mkono miaka hiyo, karatasi juu ya meza. New York nao waliwahi kuchagua baraza hivi kuanzia 1937.

---

Sikubali

Na New York walifuta 1947. Maliza sentensi mkuu.

---

hesabu_ni_hesabu

Namaliza. Walifuta kwa sababu ulikuwa unafanya kazi yake! Ilikuwa chama kimoja kinazoa karibu viti vyote, ukaja mfumo huu wakaanza kuingia watu wasiotakiwa. 1941 akaingia Adam Clayton Powell, mweusi wa kwanza kukaa kwenye baraza la New York, kutoka Harlem. Wakaingia na wakomunisti wawili. Vita baridi ikaanza, wakapata kisingizio cha kuufuta. Hiyo robo unayoidharau ndo mlango wa watu ambao hawajawahi kuwa nusu mahali popote, na sisi Waswahili wa Portland lini tutakuwa nusu ya kitu?

Kuhusu sita kwa sita hapo sikubishii, hata mimi ningeweka 13.

---

Papa_Bukavu

Ba ndugu jambo. Miye niko hapa Portland myaka kumi na moja. Nataka tu kusema kitu moja juu ya hiyo mambo ya kuchagua bantu wengi fasi moja. Kule kwetu Kongo badepite (wabunge) tuko tunawachagua hivo, jimbo moja linatoa badepite wengi, lakini unaweka alama kwa mutu moja tu, na karatasi iko nakuwa kubwa sana, mwaka 2011 kule Kinshasa ilikuwa na kurasa mingi kama gazeti, unatafuta picha ya mutu wako mpaka macho inauma. Na ile kura yako mutu akishindwa, inabakia kwa liste ya chama yake tu, weye hauchague inaenda kwa nani. Hapa kumbe kura inahama kwa mutu weye mwenyewe umepanga. Hiyo miye naipenda.

Lakini Sikubali ana haki pale. Juzi kanisani tulikuwa na bamama kumi na mbili raia, tumewauliza nani amefungua bahasha. Watatu. Wengine wameiweka pamoja na barua ya asiransi.

---

Baraka_207

Samahani nimesoma hadi hapa ndo nagundua mnaongelea Portland ya Oregon 😅 mimi niko Portland ya Maine nikawa najiuliza mbona sijapata karatasi ya watu 19. Nilishaanza kumlaumu mwenye nyumba kwamba anaficha barua zangu.

Ila niwape moyo, sisi huku meya tunampigia kwa namba hizi tangu 2011, na 2020 wakaongeza na madiwani. Wazee wetu wa Kikongo na Kirundi wanajaza bila shida, mwaka wa kwanza ni kelele mwaka wa pili kimya. Na mfano mzuri ni ubunge wa Kongresi wa hapa Maine mwaka 2018, Poliquin aliongoza raundi ya kwanza, machaguo ya pili yalipohesabiwa Golden akampita. Poliquin akaenda mahakamani akashindwa. Kwahiyo ule usemi wa "wa pili haina maana" ufuteni kichwani, kuna mbunge kaingia kwa hizo hizo za pili.

---

Nyarugusu_boy (24 Okt 2024)

Wakuu nashukuru sana, mmenifungua macho. Nimemaliza jana usiku. Wa meya nimejaza wanne, madiwani nimejaza watano, wa sita nimekosa nikaacha. Kitabu kweli nilikuwa nimekitupa nikaenda kukitoa kwenye pipa la makaratasi kimelowa nusu.

Ya mama niwaambie. Nikakaa nae mezani namsomea kila mmoja anafanya kazi gani na anasema atafanya nini, natafsiri kwa kiswahili. Mimi nilikuwa nimeshapanga wangu kichwani nikadhani atafata. Wapi! Akaniuliza "huyu anaishi huku huku kwetu?" Nikamwambia ndio. "Anapanda basi?" Nikasema mama hawajaandika. Akasema basi yule aliyetaja njia za miguu awe wa kwanza, kwa sababu Mama Neema alianguka pale kwenye matope akivuka kwenda dukani. Chaguo langu la 1 yeye kamweka la 5. Nikajaribu kumshawishi akanitazama vile anavyotazamaga, nikapaka la 5.

Saini yake kaandika polepole kama anashona. Herufi saba, dakika nzima. Kisha tukatembea kwenda library kutumbukiza, hakutaka nipeleke peke yangu.

Swali dogo, hii hoja ya 117 nayo ni hiyo hiyo? Niliweka ndio ila sikuwa na uhakika.

---

hesabu_ni_hesabu

117 ni kupeleka hii ya kupanga namba kwenye uchaguzi wa jimbo zima la Oregon na wa taifa, gavana, seneta, rais, kuanzia 2028. Haigusi jiji, ya jiji imeshapita.

---

Wanjiru_PDX

Mama ako ako sawa kabisa. "Anapanda basi?" Hilo ndilo swali tulifaa kuuliza kwa kila mkutano wa wagombea.

---

MzeeWa82 (29 Nov 2024)

Narudi kufunga hesabu maana watu mnaniuliza inbox. Meya ni Keith Wilson, mwenye kampuni ya malori, hajawahi kushika ofisi ya kuchaguliwa, na kawashinda makamishna watatu waliokuwa ndani ya baraza, Gonzalez, Rubio na Mapps. Distriki 1 yetu wameingia Candace Avalos, Loretta Smith na Jamie Dunphy. Raundi zilikuwa nyingi mpaka nikalala. Kwa mara ya kwanza tangu nije huku kuna watu watatu ambao kazi yao kwa mujibu wa katiba ni mashariki.

117 imeanguka, na vibaya. Jiji linapiga hivi, jimbo zima limekataa.

Na Sikubali nitasema kabla hajasema yeye. Jiji zima karibu mtu mmoja katika kila watano waliorudisha karatasi hakuweka alama hata moja upande wa madiwani. Na waliojitokeza wachache kuliko distriki zote ni sisi, namba 1. Mlango umefunguliwa, wengi wetu tumebaki nje.

---

Sikubali

Nilikuwa nasubiri mtu aseme ili nisionekane nafurahi. Sifurahi. Distriki 1 na 2 sasa ni mpaka 2028, distriki 3 na 4 ndo wanarudi 2026 kwa sababu walipewa miaka miwili ya kuanzia. Kwahiyo tuna miaka minne ya kuwafundisha hao bamama wa Papa_Bukavu. Mimi nimejitolea jumamosi mbili kwa mwezi, msinicheke, nitafundisha kitu nilichokipinga.

---

Papa_Bukavu

Kuya kanisani kwetu saa nane baada ya misa, chakula iko.

---

Sikubali (10 Jan 2025)

Sita kwa sita. SITA KWA SITA. Baraza jipya kikao cha kwanza kabisa kuchagua rais wa baraza, wanapiga, sita kwa sita, wanarudia, sita kwa sita, raundi baada ya raundi, mpaka diwani Mitch Green akahama upande ndo mwenzao Elana Pirtle-Guiney akapata. Nimeangalia laivu na popkoni.

---

hesabu_ni_hesabu

Nilishasema ningeweka 13 😂

---

Nyarugusu_boy

Wakuu heri ya mwaka mpya. Wangu wa kwanza alitolewa mapema, kura yangu ikazunguka ikaishia kwa niliemweka wa 4, ambaye kaingia. Wa kwanza wa mama yeye kaingia, ananitambia kila siku.

Sasa ameniletea jingine. Taa ya barabarani hapo kona yetu imezimika, na kwa vile jua linazama saa kumi na moja kituo cha basi ni giza totoro mama anaporudi kutoka darasani. Anasema mimi si nimepiga kura, nipige simu. Kati ya hao watatu nampigia nani?

---

MzeeWa82

Wote watatu. Mwambie kila mmoja kwamba wenzake wawili umeshawapigia.